Mazembe ya 2010 na Mazembe ya 2017: gani iko na nguvu zaidi?

Tangu tarehe 25 mwezi wa 11, 2017, siku yenye Mazembe ilitoka 0-0 na SuperSport United kule Pretoria na kubeba Kombe la Shirikisho la CAF mara ya pili mufululizo, hapa Kalemie kuko ubishi mumoja wenye hauishi. Unausikia kando ya Lukuga, unausikia sokoni kwa wamama wa ndakala, na zaidi unausikia katika saiti za ndugu zetu wenye walikimbia vita. Ubishi ni huu: Mazembe hii ya 2017 iko na nguvu kuliko ile ya Kidiaba na Mputu? Ao ni feza tu ndiyo inacheza siku hizi?

Wasikilizaji wengi walituuliza, na kwa radio dakika ni kidogo. Acha niandike hapa, polepole, kwa sababu mimi pia niko na maoni, na si watu wote watayapenda.

Tuanzie 2007, miaka 10 kamili mbele ya kombe hili. Wakati ule Mazembe ilikuwa bingwa wa Congo, ilishinda ubingwa 2006 na tena 2007. Lakini nje ya inchi? Kombe la mwisho la Afrika lenye ilikuwa nalo ni la 1980, Kombe la Washindi. Wazee wetu waliendelea kutusimulia juu ya Englebert, namna ilibeba Kombe la Mabingwa 1967 na 1968, namna ilifika fainali 1969 na 1970 na kukosa. Sisi vijana tulisikiliza kama vile mutu anasikiliza hadithi ya babu mwenye alikuwa na ngombe mingi. Sawa, babu alikuwa tajiri. Lakini sisi tunakula nini leo? Mwaka wenye ulifuata, 2008, hata ubingwa wa Congo ulienda Kinshasa, kwa Motema Pembe.

Kitu chenye kilibadilika hakikuonekana mara moja. Moïse Katumbi alikuwa rais wa klabu tangu 1997, na 2007 akawa tena gavana wa Katanga. Feza ilikuwa. Lakini klabu nyingi za Afrika zilipata feza na hazikufika popote, kwa sababu kila mwaka zinanunua ekipe mupya na kufukuza ya zamani. Mazembe ilifanya kinyume: ilishika watu. Kidiaba golini, Kasusula upande wa kushoto, Kimwaki katikati ya mabeki, Mihayo kiungo, Mputu mbele, Kabangu, Kaluyituka, Bedi Mbenza. Hawa watu walikaa pamoja musimu moja, mbili, tatu. Muchezaji mwenye analipwa na mwenye hajui kama kesho atauzwa, huyo anajua mwenzake atapitisha mupira wapi hata bila kuinua macho. Mbele ya kombe lolote la klabu, tuliona matunda kwa ekipe ya taifa: mwanzo wa 2009 kule Abidjan, Congo ilibeba CHAN ya kwanza kabisa kwa kupiga Ghana 2-0, na magoli yote mawili yalifungwa na watu wa Mazembe, Kaluyituka na Bedi.

Mwisho wa mwaka uleule, kombe la Afrika likarudi Lubumbashi kisha miaka 29. Heartland ya Nigeria ilitupiga 2-1 kwao, tukashinda 1-0 kwetu, na goli la ugenini ndilo lilituokoa. Niseme ukweli: ile ekipe ya 2009 ilikuwa bado nyembamba. Ilipoenda Abu Dhabi kwa Kombe la Dunia la Klabu, Pohang ya Korea iliipiga 2-1, kisha Auckland City ya New Zealand ikaipiga 3-2, na Kidiaba akapewa kadi nyekundu. Watu walirudi nyumbani vichwa chini. Ilikuwa ekipe ya watu 11 wazuri, na wenye kukaa nyuma yao hawakuwa wengi.

Sasa 2010. Hapa ndipo wapenzi wengi wanakosea hesabu. Ukiwauliza, watakuambia 2010 ilikuwa Mazembe ya Mputu. Hapana. Mputu hakucheza Abu Dhabi. Katika Kombe la Kagame kule Rwanda, kulikuwa ugomvi na mwamuzi, na FIFA ikamusimamisha mwaka muzima, yeye na Guy Lusadisu. Muchezaji wetu wa kwanza, mwenye Afrika yote ilimujua, akabaki nyumbani. Wengi tulisema imekwisha. Lakini kule Lubumbashi, katika kiwanja cha Kenya, Espérance ya Tunis ilikula magoli 5 katika fainali, tano kwa zero, na marudiano yakawa 1-1. Kisha tarehe 10 mwezi wa 12 Bedi akafunga Pachuca ya Mexico, 1-0. Tarehe 14 Kabangu na Kaluyituka wakafunga Internacional ya Brazil, 2-0. Klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya dunia, na muchezaji wake mukubwa hayuko.

Ile siku ya Internacional niliangalia mechi katika nyumba moja ya video hapa muji, tulilipa franka na tulikaa watu wawili ku kiti kimoja. Jenereta ilizimika mbele ya goli la pili. Tulisikia kelele kutoka nyumba ya jirani, tukajua kumbe Kaluyituka alikwisha kufunga, tukaanza kupiga makelele kwa goli lenye hatukuona. Wakati moto ulirudi, Kidiaba alikuwa tayari anaruka-ruka kwa makalio, kama kawaida yake.

Fainali tulipoteza, Inter ya Milan ilitupiga 3-0. Kisha kukatokea jambo lenye watu hawapendi kukumbuka: kule Lubumbashi watu fulani walienda kuvunja maduka ya Wachina, kwa sababu mwamuzi wa fainali alikuwa Mujapani. Mujapani, si Muchina. Nataja jambo hili si kwa kuwaaibisha watu wa Lubumbashi, lakini kwa sababu neno "mugeni" litarudi tena katika habari hii, na ni vizuri tujue linaweza kufanya nini wakati watu wako na hasira.

Wale wenye wanasema "2010 ilikuwa ya watoto wetu, siku hizi ni wageni tu", mimi ninawajibu: muangalie tena majina. Ekanga, kiungo wa 2010, ni mutu wa Cameroun. Singuluma alikuwa Muzambia. Sunzu alikuwa Muzambia. Kocha, Lamine N'Diaye, ni mutu wa Sénégal, na mbele yake kocha alikuwa Mufaransa Diego Garzitto. Wageni walikuwa tayari. Tuliwasahau kuwa wageni kwa sababu tulishinda.

Mwaka wa 2011 ulianza vibaya. Mazembe ilitoa Simba ya Tanzania katika Kombe la Mabingwa, kisha Simba ikalalamika kwamba Bokungu hakuwa na ruhusa ya kucheza, na CAF ikatoa Mazembe inje. Bingwa wa Afrika mara mbili, inje, kwa sababu ya karatasi. Lakini katika zile mechi mbili na Simba viongozi waliona kijana mumoja, Mbwana Samatta. Wakamununua. Wakanunua na Patrick Ochan, Muganda mwenye alichezea Simba pia. Ni kusema, klabu ilipoteza kombe kwa Simba na ikarudi na mushambuliaji wa Simba. Sisi wa Kalemie, wenye tunaangalia Kigoma ng'ambo ya ziwa, tulifurahi kabisa: tulikuwa na muchezaji mwenye anazungumza Kiswahili kuliko hata sisi. Kisha akafika Thomas Ulimwengu, Mutanzania mwingine.

Toka hapo kikosi kilipanuka upesi. Rainford Kalaba kutoka Zambia. Sinkala, Muzambia. Asante na Frimpong kutoka Ghana. Salif Coulibaly, Boubacar Diarra, Adama Traoré kutoka Mali. Gbohouo na Assalé kutoka Côte d'Ivoire. Mwaka wa 2012, wakati Zambia ilibeba Kombe la Afrika kule Libreville kwa penalti, penalti ya mwisho ilipigwa na Sunzu, muchezaji wa Mazembe. Kalaba alikosa yake siku ileile, na Mungu alimurehemu.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kiwanja cha Kamalondo kilifunguliwa 2011, nyasi ya bandia, karibu watu 18,000. Tangu siku ile Mazembe iko nyumbani kwake, haiombi kiwanja kwa mutu. Chuo cha mupira cha watoto kilianza 2012. Kombe la Shirikisho la 2013 tulikosa katika fainali mbele ya Sfaxien: 2-0 kwao, 2-1 kwetu.

Na 2015, kwangu mimi, ndiyo kilele. Ninajua wengine watanikasirikia. Katika nusu fainali El Merrikh ya Sudani ilitupiga 2-1 kwao, tukaipiga 3-0 kwetu. Katika fainali, kule Alger, mbele ya USM, Kalaba alifunga, kisha akapata kadi nyekundu, na Samatta akaongeza ingine kwa penalti. 2-1 kwetu, ugenini, kwa Waarabu, tukiwa pungufu. Kwa marudiano kule Kamalondo Kalaba hakuruhusiwa kucheza. Ungeondoa muchezaji kama Kalaba katika ile ekipe ya 2009, ungeona watu wanatafutana kiwanjani. Mwaka wa 2015 haikuonekana hata kidogo: 2-0, Samatta na Assalé, kombe la tano la Mabingwa. Samatta alimaliza na magoli 7 katika shindano lile, na mwanzo wa 2016 alipewa zawadi ya muchezaji bora wa wale wenye wanacheza hapa Afrika.

Mwenye anataka kunipinga atasema: na Osaka? Ni kweli. Mwezi uleule wa 12, 2015, katika Kombe la Dunia la Klabu kule Japani, Hiroshima ilipiga ile ekipe yangu ya kilele 3-0, kisha América ya Mexico 2-1. Ekipe ya 2010 ilifika fainali ya dunia, ya 2015 haikushinda hata mechi moja. Mimi ninasema mashindano ya mechi mbili ao tatu hayapimi kikosi. Mwaka muzima wa Afrika, pamoja na safari, joto, waamuzi na kadi, ndio unapima. Lakini ninakubali, wakati nawaza Abu Dhabi moyo wangu unapiga, na wakati nawaza Osaka ninawaza jambo lingine.

Kipimo kikubwa kilikuja kisha. Samatta alienda Ubelgiji, Genk, mwezi wa kwanza 2016. Katika klabu nyingi za kwetu, mutu kama huyo akienda, nyumba inaanguka. Wydad ya Casablanca ilitutoa katika Kombe la Mabingwa, ndiyo, lakini tulishuka katika Kombe la Shirikisho na tukalibeba: 1-1 kule Algeria mbele ya Béjaïa, 4-1 Lubumbashi. Mwaka wa 2017 tena, CAPS United ya Zimbabwe ilitutoa bila kutufunga mechi hata moja, 1-1 kwetu na 0-0 kwao. Tukashuka tena, tukabeba tena. Hapa nisifiche: kubeba kombe dogo mara mbili kwa sababu umefukuzwa mara mbili katika kombe kubwa, si sawa na 2015. Kikosi cha 2017 hakifikii kile cha 2015. Lakini kinapita kile cha 2009, na ninafikiri kiko na damu changa kuliko vyote.

Damu hiyo inatoka wapi? Muangalie CHAN ya 2016 kule Rwanda. Congo ya Ibenge ilipiga Mali 3-0 katika fainali. Meschak Elia alifunga mawili, Jonathan Bolingi moja. Wote wawili walichezea Mazembe, na golini alisimama Matampi. Kwa hiyo wale wenye wanalia kwamba wageni walifunga watoto wetu njia, watuambie hawa vijana walitoka wapi. Walijifunza wakifanya mazoezi kila asubuhi pamoja na Kalaba na Assalé. Na kocha mwenye alibeba kombe la 2017 kule Pretoria ni Pamphile Mihayo, yule kiungo wa 2009 na 2010. Alikaa. Rais wa klabu alikuwa inje ya inchi toka 2016 mpaka 2019, mambo ya siasa hayo siyaingii, lakini kazi iliendelea, na hilo pia ni alama ya nyumba yenye kujengwa na mawe.

Sasa ninakuja kwetu hapa.

Mwaka wa 2017 vijana wengi walifika Kalemie pamoja na wazazi wao, kutoka upande wa Nyunzu, wa Manono, wa vijiji vya barabara. Walikaa katika nyumba za majani na turubai, kule Katanika na kwingine. Muchana hakukuwa masomo kwa wengi wao, hakukuwa shamba, basi walicheza mupira wa makaratasi na kamba toka asubuhi. Kati yao kuko wenye wanacheza vizuri kabisa. Nilienda kuona. Timu moja ya mutaa, sitataja jina, iliwakatalia. Komite ilisema timu ni ya watoto wa hapa, na kwamba wale deplase watarudi kwao kesho, watatuachia pengo. Nilipouliza kama kuko sheria yenye inakataza, mumoja wao aliniuliza kama mimi nimekuwa avoka wa wakimbizi.

Timu ingine, ya mutaa wa jirani, ilichukua watatu. Golikipa, beki, na kijana mufupi wa mbele mwenye hata viatu hana, anacheza na soksi mbili juu ya kila muguu. Kocha wao ni mwalimu wa shule ya musingi. Sababu yake ilikuwa rahisi: golikipa wake alivunjika kidole na hakuwa na mwingine. Tangu wale watatu waingie, ile timu, yenye ilikuwa inapigwa kila juma, imetoka sare mbili na imeshinda mara moja. Si mengi. Lakini mwalimu alinionyesha daftari yake ya majina, na kwa mara ya kwanza iko na majina 17. Zamani alikuwa anatafuta mutu wa 11 kati ya watazamaji.

Baba ya golikipa ni mupenzi wa Mazembe kweli kweli. Alikimbia na vitu vichache sana, na kati ya hivyo kulikuwa kofia nyeupe na nyeusi yenye mamba. Na ndiye mwenye anapiga kelele kuliko wote katika ubishi huu: kwake Mazembe ni ile ya 2010, ya watoto wa inchi, hawa wengine ni watu wa kununua. Nilimuacha azungumze. Kisha nikamuuliza mutoto wake anachezea timu gani. Akataja ule mutaa. Nikamuuliza kama ni mutaa wake. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema Kalaba alipewa miaka, sisi tuko hapa mwaka haujaisha.

Hataki kukaa, aliniambia vilevile. Anataka kurudi kulima, mihogo yake iko chini ya udongo kule na hajui nani anaichimba. Mutoto hataki kurudi. Wanazungumza juu ya jambo hilo kila usiku, na mama yake yuko katikati. Mwalimu naye anaomba tu wangojee mpaka musimu uishe, juu yule golikipa mwenye kidole bado hajapona vizuri.

Mechi za Mazembe tutazifuata zote kwa radio na kuwatangazia. Na siku hii ya Yenga, saa tisa ya muchana, timu ya mwalimu inacheza na ile yenye ilikatalia wale vijana. Kuingia ni bure. Mwenye yuko na viatu vya mupira namba 39 vyenye hatumii tena, avilete.